Sura Tunazo, Sauti Zimekwenda



Kila tunapokutana, iwe arusini, hitimani au kwenye baraza ya Idi, hapakosi kijana, na wakati mwingine mzee mwenzetu, anayetuvuta pembeni na kutuuliza swali lilelile: "Ninunue kamera gani?" Wanatuuliza sisi kwa kuwa tumesomea uhandisi, na kwa kuwa mapenzi yetu ya picha ni ya tangu enzi za filamu. Zamani tulikuwa tukijibu kwa furaha, tukataja modeli na bei. Siku hizi tumechoka, na leo tunataka kueleza kwa nini.

Tumechoka kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya. Anayeuliza "kamera gani" keshaamua kwamba kamera ndiyo itakayofanya kazi. Hajajiuliza atampiga nani, wapi, kwa mwanga gani, na picha hiyo itakuwa wapi miaka ishirini ijayo. Ni sawa na mtu anayetaka kupika pilau ya watu mia, akatumia fedha zake zote kununua sufuria, kisha akaanza kuulizia mchele.

Na sasa swali hilo limetoka mifukoni mwa watu binafsi likaingia katika mfuko wa jumuiya. Limeletwa pendekezo kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya kuwarekodi wazee wetu, wa hapa Uingereza na wa nyumbani, zitumike kununua bodi ya kamera mpya kabisa, ya fulu fremu, na kitakachobakia ndicho kitafutiwe lenzi. Maikrofoni haikutajwa. Stendi haikutajwa. Mahali pa kuhifadhi hapakutajwa. Sisi tunalipinga pendekezo hilo, na tunalipinga hadharani, kwa kuwa kosa hilo tumeshalifanya sisi wenyewe na gharama yake tunaijua.

Mwaka 2016 tulikwenda Unguja na kamera kubwa tuliyoinunua kwa fedha ambazo hatukumwambia mtu. Tulikuwa na bibi yetu mmoja, shangazi yake mama, aliyekuwa amevuka miaka tisini na akili yake timamu. Alikuwa akijua majina ya wenye nyumba wote wa mtaa alikozaliwa, nyumba kwa nyumba, nani alimwoa nani na nani alihama mwaka gani. Alikuwa akijua nyimbo walizokuwa wakiimba wanawake wakichambua karafuu. Tukamkalisha sebuleni, tukamwekea kamera mita mbili mbele yake, tukahakikisha jicho lake limekaa sawasawa kwenye fokasi na nyuma yake pamelainika kama picha za magazetini. Akazungumza saa moja na robo. Alipomaliza, akatutazama tukikunja vifaa, akauliza: "Mmeshika?" Tukamjibu: "Tumeshika, bibi."

Tuliporudi Uingereza na kufungua ile kadi tukakuta mambo mawili. La kwanza, kamera ilijizima yenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59, nasi hatukuona, kwa sababu macho yetu yalikuwa kwake. Kamera nyingi za miaka ile zilikuwa na kikomo hicho. Hakikuwa kikomo cha ufundi bali cha forodha: Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru wa juu zaidi kwa kamera yenye uwezo wa kurekodi video nusu saa au zaidi, na watengenezaji wakaikwepa kwa sekunde moja. Maelezo hayo yalikuwamo katika kitabu cha kamera. Hatukukisoma. La pili, katika ile nusu saa iliyoshikwa, kinachosikika ni pangaboi. Bibi anaonekana akizungumza, akitabasamu, akihesabu nyumba kwa vidole, na juu yake linavuma pangaboi. Unaokota jina hapa, neno pale. Mwaka uliofuata alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sura yake tunayo, safi mno, hata nyuzi za kanga yake unaweza kuzihesabu. Sauti yake imekwenda.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaposema tunalipinga pendekezo, hatusemi kwa ubahili wala kwa kuyachukia mapya.

Tena tuseme haki. Kamera hizi zisizo na kioo, zile ambazo madukani huitwa mirolesi, ni maendeleo ya kweli. Katika kamera za SLR tulizozizoea, mwanga uliopita kwenye lenzi uligonga kioo kilichoinama, ukapandishwa hadi kwenye jicho la mpigaji. Ukibonyeza, kioo kikaruka juu kuupisha mwanga uifikie filamu. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya G1 katika mfumo wa Micro Four Thirds, kioo kikaondolewa, na mpigaji akawa anatazama kiskrini kidogo kinachomwonyesha picha karibu kama itakavyotoka. Sony ikaleta A7 ya fulu fremu mwaka 2013, na mwaka 2018 Canon na Nikon zikaingia katika fulu fremu isiyo na kioo. Faida zake ni kubwa: unauona mwanga kabla ya kubonyeza, kamera inalitambua jicho la mtu na kulifuata, na video imekuwa sehemu ya kamera, si kitu cha kubandikwa.

Iko faida nyingine ambayo wauzaji hawaipigii kelele kwa kuwa haiwaingizii kitu. Kwa kuwa kioo hakipo, mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, umesogea karibu na kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu. Katika mfumo wa zamani wa Nikon umbali huo ni milimita 46.5, katika kamera za Sony zisizo na kioo ni milimita 18. Nafasi ya milimita 28.5 iliyobaki inatosha kuweka adapta, ambayo si kitu zaidi ya pete ya chuma. Maana yake ni kwamba ile lenzi ya Nikon aliyoiacha baba kabatini inaweza kufanya kazi leo. Utaizungusha fokasi kwa mkono, lakini mtu aliyekaa kitini akisimulia hakimbii. Nikon ilianza kuutumia mdomo huo mwaka 1959. Bodi ngapi zimekuja na kuzikwa tangu mwaka huo? Lenzi nzuri ni kama shamba la minazi, na bodi ni kama baiskeli ya kuendea shambani.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana wanaolitetea pendekezo husema: "Fulu fremu inaona gizani." Ni kweli, inaona. Lakini inaona kwa kiasi gani, na kwa fedha ngapi?

Kihisi cha fulu fremu kina milimita 36 kwa 24, yaani eneo la milimita za mraba 864. Kihisi kidogo zaidi, kinachoitwa APS-C, katika kamera nyingi kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo la kama 367. Gawanya. Fulu fremu inapokea mwanga mara 2.4 hivi. Hiyo ndiyo tofauti inayolipiwa fedha zote zile.

Tazama upande wa lenzi. Lenzi inayokuja ndani ya boksi pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake mara nyingi haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ndogo isiyovutika, ambayo katika karibu kila kampuni ni miongoni mwa lenzi za bei rahisi kabisa, hufunguka hadi f/1.8. Mwanga hufuata mraba wa namba hizo: gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Unapata 9.7. Karibu mara kumi! Basi mtu aliyenunua bodi kubwa akaifunga lenzi dhaifu kwa kuwa fedha zimemwishia, amelipa nyingi apate mara mbili na ushei, na zile mara kumi akaziacha dukani. Mwenzake mwenye bodi ya kawaida na lenzi ya f/1.8 atampiga picha bwana harusi ukumbini bila ya chengachenga, na yule wa kwanza atabaki kulaumu taa.

Nasi tunaowajua waliofanya hivyo ni wengi, tukianzia na wa nyumbani kwetu.

Hesabu ya pili ni ya sauti, na hii ndiyo inayotuuma. Sauti husafiri ikitawanyika. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Ukiongezeka mara kumi, inabaki moja ya mia. Maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye mtandio wa bibi iko sentimita 20 kutoka mdomoni mwake. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera iko mita mbili, yaani mara kumi. Ukiacha mwangwi wa kuta, ile ya kwanza inapata mia wakati hii ya pili inapata moja. Pangaboi, kwa upande wake, halikusogea. Linavuma palepale, na kwa maikrofoni ya kamera limekuwa karibu kuliko msimulizi. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Hakuna bodi, hata ikiwa na kihisi cha ukubwa wa sinia, itakayoibadilisha hesabu hiyo. Itabadilishwa na maikrofoni ya kubana nguoni, ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya bodi, na visikizio masikioni mwa anayerekodi ili ajue mapema kama anashika kitu au anashika upepo. Na pangaboi lizimwe. Jasho la saa moja si kitu.

Jambo la tatu ni la umeme. Wengi wetu tuna ndugu Marekani na Kanada wanaokwenda nyumbani kila mwaka na kamera zao, wakarudi na malalamiko kwamba video ina mistari ya kiza inayopanda na kushuka usoni mwa bibi harusi. Husema kamera ni mbovu, wakanunua nyingine. Kamera si mbovu. Umeme wa Tanzania, Kenya, Oman na wa hapa Uingereza una mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani na Kanada una 60. Taa za tyubu na taa nyingi za LED za bei rahisi hufifia na kuwaka mara mbili ya idadi hiyo, kasi ambayo jicho haliioni lakini kamera inaiona. Kamera iliyopangwa picha 30 kwa sekunde na shata ya 1/60, kama ilivyo kawaida ya Marekani, haiendi sambamba na taa za Mombasa. Dawa yake haina bei: ingia kwenye menyu, chagua mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde, shata 1/50. Ndivyo hivyo tu. Ni fedha ngapi zimetupwa kwa kutojua jambo linalochukua nusu dakika kurekebisha?

La nne linahusu ngozi zetu na nguo zetu. Kipima mwanga cha kamera kimefundishwa kudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu. Wapange mashahidi wa arusi kumi waliovaa kanzu nyeupe: kamera itaona weupe mwingi, itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na nyuso zetu zitaingia kizani. Wapange akina mama kumi waliovaa mabuibui meusi: itadhani ni usiku, itaongeza mwanga, na nyuso zitapauka kama zimemwagiwa unga. Kamera za siku hizi zinazotambua uso zimepunguza tatizo hili lakini hazijalimaliza. Mpigaji anayejua huitazama picha kwenye kiskrini kabla ya kubonyeza, akasogeza kile kitufe chenye alama ya kuongeza na kupunguza: ongeza kidogo penye kanzu, punguza kidogo penye buibui, na siku zote hukumu kwa uso, usihukumu kwa nguo.

Historia nayo isisahauliwe. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Uso wake ndio uliokuwa kipimo cha uso wa binadamu. Kizazi chetu kina albamu nzima za shule na arusi ambamo sisi ni meno na macho tu. Leo tunavyo vyombo vinavyoweza kutupiga kama tulivyo, lakini kwa sharti kwamba aliyevishika anajua anachokifanya. Maarifa hayo hayamo ndani ya boksi, hata boksi liwe la bei gani.

Wala mwanga mzuri haununuliwi. Seydou Keïta wa Bamako alifungua studio yake mwaka 1948. Akapiga watu uani kwa mwanga wa mchana, nyuma yao ametundika kitambaa, na aghalabu picha moja tu kwa kila mteja, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Picha hizo leo zinatundikwa katika majumba ya makumbusho ya dunia. Nasi nyumba zetu za pwani zina baraza, zina ua, zina milango mipana. Mkalishe mzee karibu na mlango, uso ukielekea nje, na umeshapata taa ambayo studio nyingi hapa London hulipia fedha nyingi kuiiga.

La tano, na hapa ndipo jumuiya zetu zinapoumbuka zaidi, ni kuhifadhi. Video ya 4K katika kamera nyingi huandikwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate megabaiti 12.5, zidisha kwa sekunde 3,600, na saa moja inakula gigabaiti 45. Wazee ishirini, saa mbili kila mmoja, ni gigabaiti 1,800. Hiyo ni nakala moja, na nakala moja si nakala: diski ikianguka, ikiibiwa au ikifa tu yenyewe kama zinavyokufa, basi. Zinatakiwa nakala tatu, mbili katika diski mbalimbali, na moja katika nyumba nyingine kabisa. Nani katika waleta pendekezo amezipigia hesabu diski hizo? Zanzibar ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mpaka leo watu huutazama mji wao wa zamani kupitia picha zake. Picha hizo zimetufikia kwa kuwa kuna mtu aliyezitunza. Sisi tuna kamera ambazo mzee Oza hakuziota, na video za arusi za mwaka 2010 hatujui ziko katika kompyuta ya nani.

Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Basi na liwepo daftari: jina la msimulizi, mahali, tarehe, aliyehoji, mambo yaliyozungumzwa, na ridhaa ya mwenyewe juu ya nani aruhusiwe kuona. Hili la ridhaa tunalisisitiza. Mzee akisema neno hili lisitoke nje ya ukoo, lisitoke. Daftari hilo ni la shilingi chache, nalo lina thamani kuliko lenzi zote.

Tunajua tutakavyojibiwa.

Wako watakaosema: "Kama mambo ni hayo, simu yatosha." Hawa wana nusu ya haki, na hatuoni aibu kuwapa. Simu nzuri iliyochomekwa maikrofoni ya kubana nguoni itamshika bibi vizuri kuliko kamera kubwa isiyo na maikrofoni. Asiye na uwezo na aanze na simu leo hii, asingoje. Lakini simu huingia wito katikati ya maneno, hujaa, huishiwa na moto, na tabia yetu ni kuitumia video ndugu kwa WhatsApp, ambako hukamuliwa mpaka inabaki makapi, kisha ile ya asili tukaifuta ili tupate nafasi. Kwa kazi ya jumuiya, ya miaka, inayopita mikono mingi, kamera ina faida. Ila iwe kamera iliyochaguliwa kwa kazi hiyo.

Wako watakaosema kwamba fulu fremu ni bora. Kwa anayepata riziki yake kwa arusi za usiku, na lenzi nzuri anazo tayari, ni bora, na anunue. Sisi tunazungumzia wazee waliokaa vitini mchana.

Na wako ambao hawatasema, lakini ndilo lililo moyoni: kwamba jumuiya ya wenzetu ina kamera kubwa, nasi tukitokea na ndogo tutachekwa. Kwa hilo hatuna hesabu ya kuwapa. Tunawauliza tu: mjukuu atakayeifungua video hiyo mwaka 2050 ataiona kamera, au atamwona bibi?

Kupinga bila kupendekeza ni nusu ya kazi, kwa hiyo tunapendekeza. Sheria ya wasia imetufundisha kwamba mtu asiusie zaidi ya thuluthi ya mali yake, ili warithi wasidhulumiwe. Tunasema bodi nayo isivuke thuluthi. Thuluthi ya pili iwe ya lenzi. Thuluthi ya tatu iwe ya sauti, stendi ya miguu mitatu, betri za akiba, kadi na diski. Bodi ikivuka thuluthi yake, imedhulumu wengine.

Thuluthi hiyo itapatikanaje? Kwa kununua bodi iliyotumika. Tunazitaja mbili tunazozijua, si kwa kuzinadi. Sony a6400 ya mwaka 2019 ina tundu la maikrofoni, haina kile kikomo cha nusu saa, na hushika jicho la mtu kwa uhodari. Kasoro yake ni kwamba haina tundu la visikizio, kwa hiyo itabidi urekodi kidogo, usikilize, kisha uendelee. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 ina matundu yote mawili, haina kikomo, na ina kituliza mtikisiko ndani yake. Kasoro yake ni fokasi inayohangaika kwenye video, kwa hiyo ishike fokasi kwa mkono na uiache hapo. Kwa ya kwanza inatosha Sigma ya milimita 30 yenye f/1.4. Kwa ya pili, Panasonic ya milimita 25 yenye f/1.7, au Olympus ya milimita 45 yenye f/1.8 kwa anayetaka uso uijaze fremu. Lenzi moja hadi mbili, zisizidi. Ile mipangilio ya video inayotoa picha iliyopauka ili ipakwe rangi baadaye, iacheni. Hapana atakayekaa kuipaka rangi.

Anayekwenda kununua iliyotumika aende na tochi. Aimulike lenzi kutoka nyuma na atazame ndani kama pana nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui. Huo ni ukungu, na kwa hali ya hewa ya pwani yetu utakula kioo chote. Na anayekwenda nyumbani atie vipakiti vya silika ndani ya mkoba, asiuache juu ya kabati hadi safari ijayo.

Zaidi ya yote, kabla ya kumwendea mzee yeyote, vifaa vijaribiwe kwa mtu wa nyumbani, saa nzima, mwanzo mpaka mwisho, na video isikilizwe. Tungefanya hivyo mwaka 2016, kile kikomo tungekijua, na pangaboi tungelisikia.

Ndugu zetu, pendekezo litarudi katika mkutano ujao. Tunawaomba msilipitishe kama lilivyo. Likataliwe, fedha zigawanywe kwa thuluthi, na wateuliwe vijana watatu wajifunze vifaa hivyo kabla ya msimu wa safari za kiangazi. Modeli mpya itatoka mwaka huu, na nyingine mwakani, na ya mwakani itakuwa nzuri zaidi. Wazee wetu hawaingoji. Majina tunayo: kila mmoja wetu anamjua mmoja au wawili ambao wakiondoka wataondoka na mtaa mzima. Orodha hiyo na iandikwe kwanza, kamera ifuate.

Wabillahi tawfiq.